Vijana wetu wa Cedar Rapids, andikeni tulivyofika hapa

Wanangu hamjambo, na nyie viongozi wa jumuiya yetu hapa jimbo la Iowa, Marekani, wa kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, mliozaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na mliozaliwa hapahapa, wote nawaandikia.

Juzi kwenye grupu la WhatsApp nimeona mmebishana kutwa nzima nani alikuwa mwenyekiti wetu wa kwanza. Huyu anasema fulani, yule anasema muongo wewe, mwingine kaleta ukabila humohumo, na hakuna hata mmoja aliyetoa karatasi moja ya kikao. Nilisoma nikanyamaza. Sasa nasema.

Huu mji haukuanza na sisi, na waliotutangulia nao walifika hivihivi, mikono mitupu na lugha hawaijui. Mwaka 1871 Sinclair, mtu wa Ireland, alifungua hapa kiwanda cha nguruwe, na waliojaa mle ndani kukata nyama walikuwa Wacheki, wahamiaji wa kutoka Ulaya. Si mnaona? Sisi nasi tumefika tu tukaonyeshwa njia ya kiwanda cha nyama, zamu ya usiku, vidole vinakufa ganzi kwa baridi. Lakini wale watu pamoja na uchovu wao walikuwa na shule ya lugha yao, magazeti yao, vyama vyao vyenye madaftari, makaburi yao. Na msidhani walipendana sana, wenye dini na wasiotaka dini walikuwa hawaivi, ila kila upande uliandika mambo yake. Ndo maana leo ukishuka 16th Avenue unakuta mtaa mzima una jina lao, na makumbusho ya taifa ya Wacheki na Waslovaki yako hapa, hayako Chicago wala New York.

Halafu kuna ule msikiti mdogo wa mbao kule kaskazini magharibi, wengi mnaupita na gari mnadhani ni nyumba ya mtu. Ulijengwa na Waarabu wa Lebanon na Syria, wafanyabiashara wadogowadogo, ukafunguliwa 1934, tena kipindi kile pesa imekauka Marekani nzima. Katika misikiti yote iliyojengwa nchi hii kwa kazi hiyo na bado imesimama, huo ndo mkongwe kuliko yote. Baadaye walijenga mkubwa, huu wa zamani ukauzwa, ukatumika kwa mambo mengine, ukachakaa, mpaka 1990 Waislamu wakaununua tena wakautengeneza. Wakristo wenzangu msiruke hapa mkasema hayatuhusu, mimi mwenyewe ni mtu wa kanisa, naongea habari ya watu waliojua kilicho chao wakakirudia.

Ila sikieni kilichowapata. Juni 2008 mto Cedar ulipanda mpaka futi 31 na ushee, wakati rekodi ya zamani ilikuwa futi 20, maji yakaingia kwenye nyumba zaidi ya 5,000, hata ofisi za mji pale kisiwani katikati ya mto zikazama. Msikiti ule ulibaki umesimama lakini picha na karatasi zao za miaka yote zilikuwa besimenti. Maji yalizichukua. Makumbusho ya Wacheki nayo yalizama, wao wakapata nguvu ya kulisogeza jengo zima mpaka sehemu ya juu mwaka 2011, jengo la tani na tani, sasa nyie mtasogeza nini, simu?

Maana historia yetu yote iko kwenye simu. Ikianguka chooni imeisha.

Angalieni ile dhoruba ya Agosti 10, 2020, derecho, upepo wa maili 140 kwa saa, mapaa yaling'oka, zaidi ya nusu ya miti ya mji ikalala, na familia zetu zikawa zinalala kwenye mahema nje ya apatimenti zilizobomoka, umeme hakuna, watoto wanaogopa. Wamama zetu walipika nje wakalisha watu ambao hata hawawajui. Nani kaandika majina yao? Magazeti yaliandika "wakimbizi" yakaendelea na mengine.

Kwa hiyo nataka hivi. Kila nyumba kuna ule mfuko mweupe wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, tuliopandia nao ndege, mzee gani katupa wa kwake, hakuna, uko kabatini juu. Fungueni, pigeni picha kila karatasi, wekeni kopi sehemu mbili tatu, na orijino msiweke besimenti tafadhali. Tafuteni na lile daftari la michango ya misiba, lile la kava jekundu lenye madoa ya mafuta, mhazini wa zamani bado analo, humo mna majina ya watu, nani alitoa dola 20 na nani aliahidi akapotea (mimi nimo, nililipa). Hilo daftari ni mali kuliko hotuba zote za kwenye harambee.

Halafu wakalisheni wazee, simu irekodi, waulizeni vitu vidogo: nani alikupokea eapoti, wiki ya kwanza mlikula nini, nani alikufundisha kupanda basi. Msiwakatize kuwarekebisha miaka, miaka mtaitafuta baadaye. Muwaache waongee Kibembe, Kifuliiru, Kirundi, chochote, mtatafsiri wenyewe, kazi mnayo. Mkimaliza pelekeni kopi laibrari ya mji na makumbusho ya watu weusi wa Iowa, yako hapahapa, ulizeni wanapokeaje.

Na mkifika kwenye orodha ya tuliowazika huku, andikeni jina la mtu lote na la kijiji alichotoka. "Mama Furaha" peke yake haitoshi, Mama Furaha wako wangapi huku.