Barua kwa Neema, juu ya barua za Paulo

Mwanangu Neema,

Salamu nyingi kutoka huku Marangu. Kwanza kabisa natumaini u mzima wa afya na masomo yanaendelea vizuri. Sisi hatujambo, hofu ni kwako uliye mbali na macho yetu. Shikamoo yako ya juzi kwenye simu, marahaba, mama.

Macho yangu hayajatulia tangu upasuaji wa mtoto wa jicho, kwa hiyo mimi nasema na mdogo wako Baraka anaandika. Sikutaka kukujibu kwa simu, maana ulichouliza kinahitaji mtu akae chini.

Uliniambia wenzako wa chumbani wanasema Agano Jipya lilitengenezwa kwenye mkutano wa maaskofu wa Nikea, mfalme Konstantino wa Roma akaamua kitabu kipi kiingie na kipi kitupwe, nawe ukakosa la kusema. Kilichoniuma ni jinsi ulivyoshusha sauti kuniuliza, kama mtu anayeomba radhi. Nikiwa darasa la kipaimara nilimuuliza mwalimu: mbona katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya tano, Paulo anasema alikwisha kuwaandikia waraka mwingine? Huo wa kabla ya wa kwanza uko wapi? Niliambiwa nikae, maswali ya namna hiyo yanamfungulia shetani mlango. Nikakaa kwa miaka thelathini. Wewe sitaki ukae hata siku moja. Waraka ule ulipotea, mama, basi. Hakuna shetani hapo.

Kuhusu Nikea, mtaguso ule, yaani mkutano wa maaskofu, wa mwaka 325 ulijadili mafundisho ya padri Ario juu ya Mwana wa Mungu, ukajadili tarehe ya Pasaka, ukatoa kanuni 20 za mambo ya maaskofu na nidhamu. Katika kanuni zile hakuna hata moja inayotaja orodha ya vitabu. Tena kuna shahidi mwenye umri mkubwa kuliko mtaguso wenyewe: kitabu cha mafunjo kilichotoka Misri, ambacho wataalamu wengi wanakikadiria kuwa cha mnamo mwaka 200. Kurasa zake zimegawanyika, nyingine ziko Dublin na nyingine Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Zimebaki karatasi 86 kati ya kama 104, na ndani yake nyaraka za Paulo zimekwisha kuunganishwa pamoja: Warumi, Wakorintho, Wagalatia na nyinginezo. Waliozinakili hawakumngoja Konstantino. Ukitaka orodha ya vitabu 27 kama tulivyo navyo leo, ya kwanza inayojulikana ni ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, mwaka 367, naye aliitoa ndani ya barua ya Pasaka aliyoyaandikia makanisa yake. Vipo vilivyobishaniwa muda mrefu kweli, Waebrania, Ufunuo, waraka wa pili wa Petro. Wakubalie wenzako hilo, kwa sababu ni kweli.

Lakini la Nikea ni jepesi. Lililokaa moyoni mwangu ni jingine. Katika vile vitabu 27, 21 ni barua. Sisi tunaziita nyaraka, na neno hilo limekuwa zito mno siku hizi, mtu akisikia waraka anafikiri ni tangazo la wizara. Zilikuwa barua, mama, za watu waliokumbukana na kugombana.

Tazama nilivyoanza mimi: natumaini u mzima wa afya. Kuna kijana wa Misri aliyeitwa Apion, karne ya 2, alijiunga na jeshi la majini la Roma akapelekwa Misenum, Italia. Barua yake kwa baba yake Epimachos imepatikana. Anaanza kwa kumwombea baba afya, pamoja na dada yake na mtoto wa dada na kaka yake, kisha anamshukuru mungu wake Serapis kwa kumwokoa alipokuwa hatarini baharini, ndipo anaeleza kuwa amepokea fedha za safari na kwamba anamtumia baba picha yake. Niliposoma habari za barua ile nilitulia kimya. Ni mtoto kabisa, anaandika kama vile ungeandika wewe.

Huo ndio ulikuwa utaratibu wao: jina la mwandishi, jina la mwandikiwa, salamu, kuombeana afya au kushukuru, halafu jambo lenyewe. Salamu ya Kigiriki ilikuwa neno moja, *khairein*. Paulo alilisogeza kidogo akaandika *kharis*, yaani neema, akaongeza amani, ile salamu ya Kiyahudi. Neema na iwe kwenu na amani. Jina lako nililitoa hapo, kwenye salamu ya barua. Nadhani sijawahi kukuambia.

Ukishaujua utaratibu, utasikia anapouvunja. Soma mwanzo wa Wagalatia. Kwa Wafilipi anashukuru, kwa Wathesalonike anashukuru, hata kwa Wakorintho wenye vurugu zao anashukuru. Kwa Wagalatia anamaliza salamu na papo hapo anawaambia anastaajabu jinsi walivyogeuka upesi. Waliosikia ikisomwa siku ile walijua kabla ya aya ya saba kwamba mambo yameharibika.

Unajua nilivyofanya kazi posta. Nilipokuwa kijana walikuja wazee na karatasi tupu na bahasha, wananiambia wanachotaka kumwambia mtoto aliye mgodini, nami naandika. Nilikuwa naingiza mstari wangu mwisho: na mimi mwandishi nakusalimu. Mzee mmoja alikasirika, akasema barua ni yake. Baadaye sana nikafika Warumi 16 aya ya 22, nikamkuta Tertio, karani aliyeuandika waraka ule Paulo akisema, naye ameingiza salamu yake. Waraka ambao watu wameutungia vitabu visivyohesabika, na karani wake anasalimia! Nililia, Neema. Sijui kwa nini nilie kwa Tertio, lakini nililia.

Na wabebaji je? Serikali ya Roma ilikuwa na matarishi wake kwa shughuli za dola tu, mtu wa kawaida alitafuta msafiri. Waraka wa Warumi wataalamu wengi wanaona ulibebwa na Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, bandari ya Korintho, ndiyo maana Paulo anaomba apokewe vizuri. Mwanamke aliubeba mpaka Roma. Huku kwetu ningependa lisemwe zaidi ya linavyosemwa.

Kusoma barua hizi ni kama kukaa kwenye daladala karibu na mtu anayeongea na simu. Unamsikia yeye, wa upande wa pili humsikii. Anapowaambia Wakorintho, kwa habari ya yale mliyoandika, ujue walimwandikia, na barua yao hatuna. Kwa hiyo nenda taratibu kabla hujachukua jibu lake kwa wale ukalifanya sheria kwa kila mtu.

Kuna jambo jingine sitakuficha. Barua 13 zina jina la Paulo. Saba wataalamu karibu wote wanakubali ni zake, lakini nyingine, hasa za Timotheo na Tito, wengi wanasema ziliandikwa na wanafunzi wake baada yake. Wengine wanakataa. Mimi nimezisoma zote nikiwa na hofu na nikiwa bila hofu, na bila hofu nimeelewa zaidi.

Nakuomba ufanye jambo moja. Keti na wenzako hao msome waraka wa Paulo kwa Filemoni kwa sauti, mara moja bila kusimama. Ni aya 25. Onesimo ni mtumwa, anarudishwa kwa bwana wake Filemoni, na Paulo anaomba apokewe si kama mtumwa tena bali ndugu mpendwa. Hasemi waziwazi mwache huru, na hilo bado linanisumbua. Lakini sikilizeni aya ya 18 na 19: kama anadaiwa, niandikie mimi deni, na hapo anaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalipa. Ni hati ya deni, mama, katikati ya Maandiko. Halafu anamwambia Filemoni amwandalie mahali pa kulala. Filemoni alifanya nini, barua haisemi. Mkishasoma niandikie mlivyobishana.

Mama yako anakusalimu, anasema ule vizuri. Migomba imeangushwa na upepo miwili, ile ya karibu na zizi.

Na mimi Baraka niliyeandika barua hii nakusalimu, dada. Lile sweta langu ulilochukua, ukija, ulilete.

BABA YAKO. HAPA NAANDIKA MWENYEWE. NDIYO MAANA HERUFI NI KUBWA.