Usiyachemshe maji ya ziwa

Tabora, Jumapili jioni

Ndugu yangu,

Za Mwanga, hapo Kigoma? Huku wazima wote, mvua imeanza kugonga mabati, na shemeji anauliza dagaa aliahidiwa kwa treni ipi. Hayo baadaye.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Bia uliyopika kwa maji ya ziwa ina ukakasi wa ndizi mbichi, rangi imekolea kuliko ya hapa, na unaapa vipimo nilivyokupa hukuvigusa. Ndiyo shida yenyewe, hukuvigusa! Vile ni vipimo vya bomba la Tabora, maji ya Ziwa Victoria, laini, karibu hayana kitu. Ya Ziwa Tanganyika ni mengine kabisa: pH, yaani kipimo cha asidi na magadi, inakaribia 9, magnesi kama miligramu 40 kwa lita, kalsiamu kidogo, baikaboneti tele. Ni sawa na kutia magadi kwenye uji wa kimea. Kimea cheupe hakina asidi ya kuyashinda, na ukisuuza machicha kwa maji hayohayo unakamua ukakasi wa maganda. Bia nyeusi ingevumilia, maana kimea kilichokaangwa kina asidi yake. Kölsch unayopika, bia nyepesi ya mji wa Köln, Ujerumani, haina pa kuficha kitu.

Najua yule Mwalimu wenu atakwambia uyachemshe. Usimsikilize. Kuchemsha kunafaa penye kalsiamu nyingi, ambayo hushikana na kaboneti ikatuama, kama ule utando mweupe wa birika. Hapo kalsiamu ni chache. Magadi yanabaki, mvuke ukitoka yanazidi kukolea. Kuyaua kwa asidi ya laktiki nako, lita 25 zingekula mililita 14 hivi za ile ya asilimia 88. Ungekunywa maziwa mgando.

Kinga mvua. Ile ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe paa, kinga zinazofuata, chuja kwa kitambaa. Kwa lita 25 tia gramu 3 za kalsiamu kloraidi na gramu 1.5 za jasi. Kalsiamu itafika kama 47, kloraidi 58, salfeti 33, zote miligramu kwa lita. Jasi usizidishe, salfeti ikipanda uchungu wa hopsi (maua yanayotia bia uchungu) unakwaruza. Na iwe ya chakula, si jipsamu ya mafundi dari! Chumvi ya Epsom (salfeti ya magnesi) hapana, magnesi ya kimea inaitosha hamira.

Mizani ya jikoni haioni gramu moja na nusu, nenda kwa sonara. Kalsiamu kloraidi nayo inanyonya unyevu. Ukiiacha wazi hapo kando ya ziwa, gramu 3 zako zitakuwa nusu maji. Siku unapofungua pakiti, yeyusha gramu 30, ongeza maji hadi mililita 300 (itapata moto, usishtuke), kisha kila upishi chota mililita 30 kwa bomba la sindano.

Kwa kilo 4 za kimea, uji ukiwa nyuzi 65, anza na mililita 2 za asidi ileile ya laktiki. Koroga, subiri dakika 10, chota kidogo, kipoe kabisa ndipo upime. Tunataka pH 5.3 hadi 5.4. Ongeza nusu mililita kwa nusu mililita. Ukivuka mililita 4 bado haijashuka, kishuku kipimo cha pH kwanza, kirekebishe kwa maji maalumu ya pH 4 na 7. Vikaratasi vya rangi tupa. Kusuuza ni kwa mvua ileile, chini ya nyuzi 77.

Nimesahau: mvua isipotosha, changanya sehemu 1 ya bomba la hapo, ambayo ni ya ziwa, na 4 za mvua, asidi itahitajika zaidi kidogo. Hiyo ya bomba ilale kwenye ndoo wazi usiku mzima klorini itoke, la sivyo bia itanuka wodi. Lakini ya ziwa peke yake, nakuomba, hata kwa kusuuza, usirudie.

Na chupa usiiandike Kölsch. Tangu 1986 watengenezaji wa Köln wamekubaliana jina ni lao. Sidhani watafika Ujiji, lakini Mwalimu anapenda kesi.

Sasa nijibu: bati lako ni jipya au la rangi? Mara ya mwisho ulisuuza kwa lita ngapi? Friji ya kuchachushia inakaa nyuzi 16 au yule fundi bado anakuzungusha? Ile iliyoharibika umeimwaga? Na dagaa?

Wako,
Jirani wa zamani