Mlima sio lazima, hata udongo unatenga

Mhariri salamu,

Nimesoma makala yenu ya jinsi spishi mpya za mimea zinavyotokea, mwandishi kaeleza vizuri tu ila kila mfano wake una bahari au mlima katikati, yaani mimea ya aina moja inatenganishwa, inakaa mbalimbali miaka na miaka, mwisho haizaliani tena. Sawa, hiyo ipo. Lakini msomaji anaondoka akijua bila mlima hakuna kitu, na hapo ndo sikubaliani nae, maana kuna mimea imeachana huku ni majirani kabisa na kilichoiachanisha ni udongo.

Chukua kisiwa cha Lord Howe kule Australia. Kidogo mno, hakifiki kilomita za mraba 15, ni volkano iliyoibuka baharini miaka kama milioni 6 au 7 iliyopita. Kina aina mbili za miti jamii ya minazi, Howea forsteriana na Howea belmoreana, ndugu wa karibu, na kiasili haioti kwingine kokote duniani. Wa kwanza umeshika zaidi udongo wa chokaa, wa pili udongo wa volkano. Chavua inabebwa na upepo, na kwenye kisiwa cha ukubwa ule upepo unafika kila kona, sasa mbona haichanganyiki? Kumbe inapishana kutoa maua, kilele cha huu na cha ule vimeachana kama wiki 6! Utafiti uliotoka 2006 ulionyesha imegawanyika wakati kisiwa kishakuwepo, kwahiyo huwezi kusema kila mmoja ulikuja kivyake.

Mfano ninaoupenda mimi lakini ni wa mgodini, na sio wa mamilioni ya miaka. Kule Wales kuna migodi ya zamani, mfano Trelogan ya madini ya zinki na risasi, mabaki yake, yaani udongo na mawe yaliyochimbuliwa, yakaachwa pale pale pembeni ya malisho. Majani ya malishoni ukiyapanda kwenye yale mabaki karibu yote yanakufa kwa sumu ya madini, yanabaki mawili matatu yenye bahati ya jeni, na hao ndo wameijaza sehemu yote. Ukivuka mpaka hatua chache tu tayari uko kwenye majani ya tabia nyingine, na chavua inavuka kila msimu, lakini kinachozaliwa kikiwa hakina ustahimilivu mabaki yanakiua, na yale sugu nayo yakirudi malishoni yanazidiwa na wenzao. Alafu ya mgodini yanatoa maua kama wiki moja mapema, hata ukiyahamishia shamba moja na wenzake bado yanawahi, yaani ishakuwa ya kurithi. Bado ni spishi moja, sitaki kudanganya mtu, ila wiki moja hiyo ndo mlango unaanza kufungwa.

Kuna jambo lingine limenichekesha. California, sehemu inaitwa Copperopolis, kuna ua la Mimulus lililozoea udongo wa mgodi wa shaba. Ukilichanganya na ndugu zake wa baadhi ya sehemu nyingine watoto wanakufa. Watu walidhani jeni ya kuhimili shaba ndo inaua, mwaka 2013 ikajulikana ni jeni mbili tofauti zimekaa jirani na zinarithiwa pamoja, ile ya shaba ilipochaguliwa na udongo ikaivuta na mwenzake inayoua, kama mtu kadandia lori lisilo lake. Udongo haukuwa na shida na uzazi wao kabisa, ila ndo ushawaharibia.

Na sijagusa udongo wa serpentini, wenye nikeli na magnesi nyingi na kalsiamu kiduchu, ambao California ni kama asilimia 1 tu ya eneo lakini mimea isiyopatikana nje ya jimbo zaidi ya asilimia 10 iko humo. Ukiuona ni upara, nyasi moja moja, mtu anaita ardhi mbovu anataka alete mbolea na udongo mzuri afukie. Mhariri, nanyi toleo lile lile ukurasa wa nyuma mliandika "ardhi isiyofaa" kuhusu sehemu za namna hiyo, nikabaki nashangaa.

Basi mkiichapa tena ile picha ya mlima na mimea huku na huku, chini yake ongezeni hata mstari mmoja wa udongo.

Msomaji wenu wa siku nyingi