Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Tuache Mifuko, Tushike Viriba

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana wa karakana,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na majina ya wanachama wapya yako kwa katibu. Mimi nitabaki na jambo moja lililotushughulisha mwaka mzima, ambalo kamati inataka mlipigie kura leo: tuache kuhangaika na mifuko ya wanga wa muhogo, nguvu zetu tuzipeleke kwenye viriba vya miche vya nyuzi za mgomba na trei za mayai.

Najua baadhi yenu litawauma. Chama hiki kilizaliwa kwa ajili ya mfuko. Sisi wa Busia tunaishi mlangoni, mpakani na Kenya. Ng'ambo ya pili Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Kwetu Uganda, Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 inakataza mifuko ya plastiki yenye unene usiofika maikroni 30, yaani sehemu 30 kwa elfu ya milimita, lakini nenda sokoni jioni hii ununue nyanya uone utafungiwa ndani ya nini. Kaveera, huo mfuko mwembamba wa plastiki, ni nyepesi, haivuji, na muuzaji anakupa bure. Kushindana nayo kwa bei, kwa mtu asiye na mtambo mkubwa, ni kujichosha.

Kwa waliojiunga karibuni, kazi yetu ni hii. Muhogo unamenywa, unaoshwa, unakunwa na kukamuliwa kwenye kitambaa. Maji yake yanaachwa yatulie mpaka wanga mweupe ukae chini ya beseni. Wanga huo ukichanganywa na maji na kupashwa moto, kwenye nyuzijoto kati ya 60 na 70 chembe zake zinavimba na kupasuka, unapata uji mzito unaong'aa. Ukiumwaga kwenye bati na kuukausha hivyo hivyo, utavunjika kama kigae. Ndiyo maana tunatia gliserini, ile inayopatikana watu wakitengeneza sabuni. Inaingia katikati ya minyororo ya molekuli za wanga na kuiachanisha kidogo, basi utando unakunjika bila kukatika. Ikipungua, utando unapasuka. Ikizidi, unanata vidoleni.

Shida ni maji. Wanga unayapenda, na gliserini nayo inavuta unyevu hewani. Kuanzia Machi mpaka Mei, mvua zikiwa zimeshika, utando unachelewa kukauka na ukungu unauwahi. Hata uliokauka vizuri hautulii: wiki zikipita minyororo ya wanga inajipanga upya, utando unakakamaa, na mfuko uliokuwa laini unachanika kwenye mkunjo. Nta ya nyuki tukiipaka juu inachelewesha maji, haiyazuii. Nani atabeba samaki wa Majanji, kule ziwani, ndani ya mfuko wa namna hiyo? Vijana wa karakana wamefanya kazi nzuri na siwalaumu kwa lolote, maana udhaifu huu uko ndani ya wanga wenyewe.

Sasa tazameni kiriba. Wenye vitalu wanatumia viriba vyeusi vya plastiki, wanavichana siku ya kupanda, na vipande vinabaki shambani miaka na miaka. Kiriba chetu kinazikwa pamoja na mche. Pale ambapo mfuko unatakiwa ukatae maji, kiriba kinatakiwa kiyakubali na hatimaye kife. Vijidudu vya udongo vinakula wanga kwanza, halafu nyuzi polepole, kwa sababu ligini iliyomo, ile inayoufanya mmea uwe mgumu, inawashinda kwa muda. Mizizi inapita bila kuguswa na kisu.

Nyuzi tunazo za kumwaga. Shina la mgomba huzaa mkungu mmoja tu, kisha hukatwa na kuachwa lioze. Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za shina hilo ni maji, kwa hiyo msishangae mkileta mzigo wa kujaza toroli mkaondoka na nyuzi za kujaza kapu. Tunazikwangua, tunazichemsha kwenye soda kali, ile inayounguza ngozi, ili kupunguza ligini na utomvu, tunazisuuza, tunazikatakata na kuzichanganya na uji wa wanga. Zinashikana vizuri kwa sababu ni za ukoo mmoja: wanga na selulosi, ambayo ndiyo mwili wa nyuzi, zote zimejengwa kwa glukosi, aina ya sukari, tofauti ni jinsi glukosi hiyo ilivyofungamana. Glavu na miwani wakati wa soda si mapambo, narudia tena.

Wageni wakitusifu kwamba tumevumbua jambo jipya, huwa nacheka kidogo. Buganda wamekuwa wakifua gome la mti wa mutuba kuwa lubugo, kitambaa cha magome, tangu enzi za wafalme wao wa zamani, na UNESCO ikalitambua mwaka 2005. Matoke bado yanapikwa ndani ya majani ya mgomba. Sisi tumeongeza sufuria na kalibu tu.

Kiriba nacho kina masharti yake. Kinamwagiliwa kila siku, na wanga ukizidi kinalegea kabla mche haujakomaa. Mchanganyiko wa sasa una nyuzi nyingi na wanga wa kutosha kushikanisha tu. Unafaa nyanya, kabichi na sukuma wiki, ambazo hukaa kitaluni wiki chache. Mche wa kahawa unakaa miezi mingi. Wenye vitalu vya kahawa tuwaambie wazi kwamba bado hatuwafai. Tena vijidudu vinavyoozesha nyuzi vinachukua nitrojeni ya udongo, majani ya mche yanageuka manjano. Dawa yake ni samadi iliyoiva ndani ya udongo wa kujazia, na hilo liandikwe kwenye kila fungu tunalouza.

Nikifika kwenye kuuza, neno “inaoza” peke yake halitoshi. Kuna vikombe vya PLA, plastiki inayotokana na wanga wa mahindi uliochachushwa, vinavyosifiwa hivyo hivyo, lakini vinahitaji joto la karibu nyuzi 60 la mitambo ya mboji. Mashimo yetu ya taka hayafiki huko. Ulaya kipimo cha EN 13432 kinataka asilimia 90 ya kaboni ya kitu iwe imegeuka hewa ukaa ndani ya miezi sita, na hayo ni katika mazingira ya mtambo. Bidhaa yetu nayo ikitupwa kwenye lundo refu la taka, kule hewa isikofika, itaoza kwa kutoa methani, gesi inayoongeza joto la dunia. Jaa la taka la Kiteezi, la jiji la Kampala, lilipoporomoka Agosti 2024 na kuua zaidi ya watu 30, sote tuliona malundo hayo yamefika wapi. Basi tuandike inaozea wapi: udongoni au kwenye mboji. Maombi ya alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la taifa, yaanze baada ya mchanganyiko kutulia, si kabla.

Wazee wameuliza, na wana haki, kama si dhambi kugeuza muhogo kuwa trei wakati ugali wa muhogo na wimbi ndio chakula chetu. Tangu ugonjwa wa muhogo wa michirizi ya kahawia uonekane tena nchini mwaka 2004, hakuna mkulima hapa asiyejua maana ya kung'oa mhogo na kukuta umeoza ndani. Kamati inapendekeza tununue mihogo midogo na iliyovunjika ambayo wachuuzi wameikataa, siku hiyo hiyo ya kuvunwa, maana baada ya siku mbili tatu haina kitu. Machicha yataingia kwenye trei za mayai. Maji ya kukamulia, hasa ya mhogo mchungu, yana sianidi, na kuyamwaga kijitoni ni kuua samaki na kunywesha ng'ombe sumu. Shimo limeshachimbwa nyuma ya karakana. Atakayemwaga kwingine atatozwa faini.

Kura ni mbili: kusimamisha mifuko, na kuchangia mashine ya kukamua nyuzi, maana kukwangua kwa mkono kunawachosha kina mama na faida inaishia hapo hapo. Anayepinga aseme sasa. Ambaye hana mihogo msimu huu aandikishe migomba yake kwa katibu kabla ya chakula.