Sahibu, kabla hujaanza kuimba "tunapanda"

Sahibu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Barua yako nimeipata na nimeisoma hadi ile sentensi ya mwisho uliyoipigia mstari mara mbili: mwaka huu tunapanda. Sikucheka. League Two, daraja la nne la soka la England, ni ligi ambayo shabiki ana haki ya kusema hivyo mwezi wa Julai, maana kati ya timu 24, saba zinamaliza msimu zikiwa bado na njia ya kupanda. Tatu za juu zinapanda moja kwa moja, na ya nne hadi ya saba zinaingia kwenye mchujo kugombea nafasi moja iliyobaki. Zinazoshuka ni mbili tu. Msimu wa 2023/24 Crawley Town walitabiriwa na wengi kushuka daraja, wakamaliza wa saba, kisha wakaifunga MK Dons jumla ya mabao 8-1 kwenye nusu fainali ya mchujo na Crewe 2-0 pale Wembley. Kwa hiyo ndoto yako haina kasoro. Kasoro ninaiona kwenye sababu ulizonipa: matokeo ya mechi za kirafiki, mshambuliaji mpya wa mkopo, na tamaa ya kupangiwa timu kubwa kwenye Kombe la FA.

Tuanze na hesabu, kwa sababu matarajio yasiyo na namba huishia kumtukana kocha mwezi wa Oktoba. Mechi za ligi ni 46. Mwaka 2025 Bradford City walichukua nafasi ya tatu kwa pointi 78. Mwaka mmoja kabla, hao Crawley waliingia kwenye mchujo kwa pointi 70. Na huko chini, mwaka 2014 Bristol Rovers walishuka wakiwa na pointi 50, waliponzwa na tofauti ya mabao. Namba hizi hupanda na kushuka kidogo kila msimu, ila zinatosha kukupa mwanga. Zikate kwa mechi kumi-kumi. Ukikusanya pointi 17 katika kila mechi kumi unafika 78. Ukikusanya 15 unafika 69, uko mlangoni mwa mchujo. Ukikusanya 11 unamaliza na 50 na ushei, na hapo unasubiri matokeo ya wenzako huku redio iko sikioni.

Sasa angalia hizo 17 zinapatikanaje: ushindi tano, sare mbili, vipigo vitatu. Timu inayopanda moja kwa moja inaweza kufungwa mara 13 au 14 kwa msimu, na mashabiki wake kila mara wakadhani mambo yameharibika. Hizo 15 je? Ushindi nne, sare tatu, vipigo vitatu. Umeona? Vipigo ni vilevile. Kinachotofautisha timu ya kupanda na timu ya mchujo ni sare moja iliyogeuzwa ushindi katika kila mechi kumi. Tangu ligi ya England ianze kutoa pointi tatu kwa ushindi, mwaka 1981, sare imekuwa na gharama kubwa kuliko inavyoonekana kwenye msimamo. Kwa hiyo mkiwa 1-1 dakika ya 75, acha kutazama mpira, tazama benchi. Kuna winga mwenye kasi wa kuwasumbua mabeki waliochoka, au kuna viungo watatu wanaofanana? Kocha anaongeza mtu mbele au anamwingiza beki wa tano? Hapo ndipo utapata jibu la swali lako, mapema kuliko msimamo utakavyokuambia.

Kuhusu mechi za kirafiki, samahani, lakini hazina thamani uliyozipa. Lengo lake ni kuwarudishia wachezaji pumzi. Kocha anachezesha kikosi kimoja kipindi cha kwanza na kingine cha pili, ndani yake kuna vijana wa majaribio wasio hata na mkataba, na wapinzani nao wanafanya hivyohivyo. Ukishinda 4-0 dhidi ya timu iliyobadilisha wachezaji kumi na mmoja wakati wa mapumziko, umeshinda nini? Ukitaka kupata kitu, itazame ile ya mwisho kabla ya ligi, kwa saa moja ya kwanza tu. Andika nani wameanza, nani anapiga kona za kushoto na nani za kulia, na beki wa kushoto akitoka anaingia nani. Nafasi hiyo ya mwisho ndiyo inayotesa timu nyingi za daraja hili: beki wa kushoto mmoja wa kweli, na msaidizi wake ni beki wa kati anayetumia mguu wa kulia.

Nakuja kwa huyo mshambuliaji wenu. Namba zake ni nzuri, lakini toa penalti kwanza, halafu gawanya mabao yaliyobaki kwa dakika alizocheza na uzidishe kwa 90. Mtu mwenye mabao 14, matano kati yake yakiwa ya penalti, ni mfungaji wa mabao tisa tu siku mtakapokuwa na mpigaji penalti mwingine. Kisha uliza swali linaloudhi: mkataba wa mkopo una kipengele cha kumrudisha Januari? Kwa vijana wanaotoka klabu za juu, kipengele hicho ni cha kawaida. Wakumbuke Walsall wa 2024/25. Mwezi Januari walikuwa wanaongoza ligi kwa tofauti ya pointi 12. Mfungaji wao mkuu, Nathan Lowe, alikuwa wa mkopo kutoka Stoke City, na Stoke wakamrudisha kwao mwezi huohuo. Timu ikaanza kuyumba. Siku ya mwisho wakashinda ugenini kwa Crewe, wakadhani wamepanda, lakini Bradford wakapata bao dakika ya 96 dhidi ya Fleetwood na kuwapita kwa pointi moja. Kwenye mchujo nako wakafika fainali, wakafungwa 1-0 na AFC Wimbledon. Simlaumu Lowe wala Stoke. Ninachosema ni kwamba matumaini ya msimu mzima yasitundikwe kwa mtu ambaye si wenu. Nitumie jina la mfungaji wa pili na wa tatu, na la beki anayefunga kwa kichwa kwenye kona. Kama hayo majina hukuyapata haraka, basi hapo pana shimo.

Halafu kuna suala la idadi ya watu. Ukijumlisha ligi, angalau mechi moja ya Kombe la FA, moja ya Kombe la Ligi na tatu za makundi za EFL Trophy (kombe la timu za daraja la tatu na la nne), timu yako itacheza mechi zisizopungua 51 kati ya Agosti na mwanzo wa Mei, nyingi zikiwa Jumamosi na Jumanne. Kikosi cha wachezaji 18 wa kuaminika hakitoshi. 22 ndiyo naanza kupumua. Na usisahau kadi. Mchezaji akipata njano tano kabla timu haijamaliza mechi 19 za ligi, anakosa mechi moja. Akifikisha kumi kabla ya kumaliza mechi 37, anakosa mbili. Kiungo mkabaji wa daraja hili hufika tano bila jasho. Weka orodha yako mwenyewe, na ukiona kiungo wenu tegemeo ana njano nne mwezi wa Novemba, jua kuna Jumamosi moja inakuja ambayo katikati patakuwa uwanja wa wazi.

Kipa ni habari nyingine. Klabu ndogo huweka kipa mmoja mzoefu na kijana mmoja, akiumia wa kwanza wanakimbilia mkopo wa dharura, ambao kanuni zinauruhusu hata dirisha la usajili likiwa limefungwa. Mara chache sana hutokea muujiza. Mei 1999 Carlisle United walikuwa na kipa wa mkopo, Jimmy Glass, na ndiye aliyepanda mbele kwenye kona ya dakika za nyongeza dhidi ya Plymouth akafunga bao lililowabakiza kwenye ligi. Watu wanakumbuka bao, wanasahau kwamba alikuwepo kwa sababu klabu ilikuwa imemuuza kipa wake.

Baridi nayo ina hesabu zake. Kuanzia Desemba viwanja vinakuwa vizito, vingine vinaganda, mechi zinaahirishwa asubuhi ya siku yenyewe. Timu inayojenga mashambulizi kutoka kwa kipa kwa pasi fupi, iliyopendeza Septemba, inaanza kupoteza mipira mita 25 kutoka golini kwake, kwa sababu mpira hautembei. Kocha mwenye akili anakuwa na mpango wa pili: mpira mrefu kwa mshambuliaji mwenye mwili, viungo wawili wa kuokota unaodondoka, na kona na faulo zilizofanyiwa mazoezi. Kocha asiye nao anawaomba mashabiki wavumilie. Na zile zilizoahirishwa zinarudi Machi kama viporo, mara tatu kwa wiki. Kwa hiyo katikati ya msimu usisome nafasi, soma wastani wa pointi kwa mechi. Timu ya kumi na moja yenye viporo vitatu inaweza kuwa bora kuliko ya sita, na inaweza pia kuvicheza vyote ikiwa imechoka na kuvuna pointi mbili.

Ukishafika mechi ya kumi, fungua daftari. Pointi ni ngapi, hilo utajua. Mimi nitakuuliza tofauti ya mabao, kwa sababu mapema hivyo inasema ukweli kuliko pointi. Timu yenye ushindi sita, wote wa bao moja, na vipigo vinne vya mabao matatu-matatu, iko juu kwa mkopo. Niambie pia mmecheza nyumbani mara ngapi na ugenini mara ngapi, na kati ya zile tano za juu mmekutana na ngapi. Pointi 18 zilizopatikana dhidi ya timu za mkiani ni nzuri, ila zisikupe usingizi.

Kombe la FA mimi silipingi kama wanavyolipinga wengine. Timu za League One, yaani daraja la tatu, na League Two zinaingia raundi ya kwanza, mwezi wa Novemba, na zile za madaraja mawili ya juu zinasubiri raundi ya tatu, Januari. Mapato ya mlangoni yanagawanywa, kwa hiyo safari moja kwenye uwanja mkubwa inaweza kulipia mishahara ya miezi. Kilichobadilika ni kwamba kuanzia msimu wa 2024/25 mechi za marudiano zimefutwa kuanzia raundi ya kwanza, na ile bahati ya kutoa sare nyumbani kisha kwenda kuvuna kwenye uwanja wa mkubwa haipo tena. Wanaodai kombe linaua ligi wanasahau kuwa Lincoln City mwaka 2017 walifika robo fainali wakiwa nje ya ligi nne za juu na bado wakachukua ubingwa wa daraja lao. Bradford nao mwaka 2013 walifika fainali ya Kombe la Ligi, wakapigwa 5-0 na Swansea, kisha wakapanda kupitia mchujo. Timu zote mbili zilikuwa na kikosi imara. Kama hamna, kombe litawachosha tu.

Kuna jambo moja hukuligusa kabisa, nami naliona kubwa kuliko yote: fedha. Luton Town walianza msimu wa 2008/09 wakiwa wamekatwa pointi 30. Uwanjani walipata 56, ambazo zingewabakiza, msimamo ukaonyesha 26 na wakashuka. Bury walimaliza wa pili na kupanda kutoka League Two mwaka 2019, na Agosti ya mwaka huohuo wakafukuzwa kwenye ligi kabla ya kucheza mechi hata moja ya daraja jipya. Fikiria shabiki aliyesherehekea Mei. Hesabu za kampuni za klabu za Uingereza zinawekwa wazi kwa umma kwenye masjala ya makampuni, na kuzisoma ni bure. Huhitaji uhasibu. Angalia kama zimewasilishwa kwa wakati, kama deni kubwa ni kwa mmiliki mwenyewe au kwa mkopeshaji wa nje, na kama uwanja bado ni mali ya klabu. Hesabu zikichelewa, mishahara ikichelewa, na klabu ikizuiwa kusajili, basi hata ukiwa wa kwanza kwenye msimamo shika moyo. Kuingia kwenye usimamizi wa ufilisi kunakata pointi 12, ambazo ni ushindi nne.

Ukiniuliza mimi, kwa kikosi ulichonitajia naweka pointi 66 hadi 72. Maana yake mtaendelea kuutazama mchujo mpaka Aprili, na kama mtapata beki wa kushoto kabla dirisha halijafungwa, nitasogea hadi 74. Zaidi ya hapo nitakuwa nakufurahisha tu.

Tafadhali nitumie orodha kamili ya kikosi, umri wa kila mmoja na mwezi mkataba wake unapokwisha. Waliobakiwa na mwaka mmoja uwawekee alama, maana hao ndio watakaoanza kuulizwa bei mwezi wa Januari kama mtakuwa mnafanya vizuri.

Wako katika mpira,
Rafiki yako