Kibali kilichopotea Piper Alpha

Mhariri,

Tukizungumzia gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, kusini mwa Tanzania, tunazungumzia mapato tu. Naomba nikumbushe Piper Alpha, jukwaa la mafuta na gesi la Bahari ya Kaskazini, upande wa Scotland, lililolipuka usiku wa tarehe 6 Julai 1988. Walikufa watu 167, wakapona 61.

Chanzo hakikuwa dhoruba. Mchana ule mafundi waliiondoa vali ya usalama ya pampu moja, wakaziba tundu kwa kisahani cha chuma ambacho hakikukazwa sawasawa. Kibali cha kazi, yaani karatasi ya kuruhusu matengenezo, kiliandikwa, ila habari haikuwafikia wa zamu ya usiku. Pampu ya pili ilipozima, wakaiwasha ile ya kwanza, isiyo na vali. Gesi ikavuja, ikashika moto. Pampu za kuzimia moto nazo zilitegwa ziwashwe kwa mkono, zisije zikawafyonza wapiga mbizi. Na majukwaa jirani yaliendelea kusukuma mafuta na gesi huku moto wauona!

Uchunguzi wa Lord Cullen, jaji wa Scotland, ulitoa mapendekezo 106.

Niliwahi kuwa fundi wa jenereta. Kwenye daftari letu la zamu, "hakuna tatizo" iliandikwa kabla hata chai haijapoa. Basi mtumeni mwandishi kwenye mitambo yetu ya gesi aulize jambo moja tu: zamu ikibadilika, vibali vya kazi ambayo haijaisha anakabidhiwa nani, na anatia saini wapi?

Msomaji wenu,
Lindi