Yaya, acha nikwambie jiko lako liko wapi

Yaya wangu, mkubwa wangu wa tumbo moja,

Umeniuliza mara tatu kwenye simu kama jiko lako la umeme linafanya kazi, na mara tatu nimekujibu kwamba mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa. Nakuandikia hapa mbele za watu ili nisipate tena pa kukimbilia.

Ulipohamia Lubumbashi uliniachia jiko, sinia mbili na karatasi ya biskuti zako za karanga: unga gramu 250, majarini 125, sukari 100, yai moja, digrii 180, dakika 12, "na usifungue mlango kila saa". Kila kitu kimo kwenye karatasi ile isipokuwa Kadutu, mtaa wetu huku Bukavu. Umesahau huku umeme unavyorudi saa nne ya usiku, mlima mzima ukachomeka pasi na resho za kupikia kwa pamoja, taa ikabaki nyekundu kama jicho la mlevi. Volti zikishuka kutoka 220 hadi 160, rezistansi, ule waya wa joto ndani ya jiko, inatoa karibu nusu tu ya joto lake. Biskuti zangu za majaribio zilikaa humo dakika 40, zikatoka nyeupe na ngumu. Mtoto aliigonga moja mezani kama anayebisha hodi.

(Umeme ukikosekana, watu wanalaumu mitambo ya mto Ruzizi. Mimi nikishuka Ruzizi nikaona chupa na mifuko ya plastiki ilivyojazana mbele ya bwawa, nanyamaza. Mfereji wetu unashuka ziwani, na maji ya ziwa yanatokea pale pale.)

Sasa, komunyo ya binti yako wa ubatizo ilikuwa Jumapili, na nilikuwa nimeahidi biskuti 60. Taa za jirani yetu, yule mama muuza ndagala (dagaa), zilikuwa nyeupe tii, kwa sababu nyumba yake inachukua waya mwingine wa nguzo. Nikamwomba prizi, tundu la kuchomeka umeme. Nikaleta ralonji, waya wa kurefushia umeme, ya mita 20, nikavuta mita tano zilizotosha kufika jikoni kwetu. Mita 15 nikaziacha zimejizungusha kwenye gurudumu lake, vizuri, nikiona nimefanya usafi.

Jiko la wati 2000 likipata volti zake kamili linavuta ampea 9. Waya ulionyooshwa unapoza joto lake hewani, lakini uliokunjwa unajipikia wenyewe. Kwenye gurudumu imeandikwa: wati kadhaa ukikunjua, chache zaidi ukiacha umekunjwa. Nilikuwa nimeishika kwa miaka mitatu bila kuyasoma maandishi yale.

Sinia ya kwanza ilitoka na rangi ya dhahabu, Yaya. Nilicheka peke yangu. Ya pili ilipoingia, nikasikia harufu, nikadhani ni karanga zinaungua. Mtoto wa jirani ndiye aliyepiga kelele: gurudumu linafuka moshi, plastiki inadondoka sakafuni matone matone. Nikakimbilia ndoo. Mama wa ndagala akanidaka mkono: "Si maji! Unataka kufa na biskuti zako?" Akashusha swichi kubwa.

Utauliza kwa nini fyuzi haikukata. Ampea 9 huenda hata fyuzi nzuri ingezivumilia, lakini ndipo aibu yangu ilipo. Mwezi uliotangulia fyuzi ya jirani ilikuwa imeungua, nami, kwa kuwa nilikuwa najiita fundi, nikamsaidia bure: nikachomoa nyuzi za shaba kwenye waya mkuukuu, nikazisokota, nikazifunga pale. Alinishukuru kwa ndagala sahani nzima. Fyuzi kazi yake ni kuungua ili nyumba isiungue, na ile yangu isingeungua hata kwa resho kumi.

Fundi wa kweli alikuja asubuhi. Aliligeuza lile donge la waya mkononi, akanitazama. "Jiko lako lilikuwa hili," akasema. Sikumjibu.

Lako lilikuwa bado zima siku ile. Nililiua wiki iliyofuata, nilipofungua mgongo wake "kulikagua" na kuilazimisha rezistansi ya chini itoke. Hayo sitayaeleza sana.

Biskuti 48 zilizobaki nilizioka kwa mbabula, jiko la makaa: sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, sahani ya bati juu ya vijiwe vitatu, kifuniko, na makaa machache juu ya kifuniko. Digrii ngapi sijui. Nilikuwa naweka kiganja na kuhesabu. Sita ziliungua chini. Nyingine ziliisha kabla ya soda, na padri alichukua mbili mfukoni.

Nimeweka fyuzi mpya kwa jirani, ya dukani, na ralonji nimemlipa fundi anitafutie nyingine. Jiko lako linatunza mikate, panya hawaliwezi. Ukipata mtu anayekuja Bukavu, mpe rezistansi ya chini, ile yenye umbo la U, nitamwita fundi aifunge yeye. Na usimwambie Mama. Hasomi mambo ya mtandaoni, ila wajukuu wanamsomea, kwa hiyo pengine nimechelewa.